Injini ya Kusagia Unga Ndani ya Boti

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya mwaka. Nilichojua kuhusu dizeli nilikiokota kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, ambako kazi yangu ilikuwa kulisha mawe kwenye mashine za kusaga. Injini zilipofunguliwa kutengenezwa, wenzangu walikwenda kula, mimi nikabaki kutazama. Kwa hiyo mama mmoja wa Muhuru, kando ya ziwa, aliponiuliza kama injini ya kusagia unga inaweza kusukuma boti, nilimwambia inaweza. Sikuwa nimewahi kuiona ikifanya hivyo. Nilitaka kuiona.

Boti yake ilikuwa ya mbao, ya miaka mingi, ya kubeba abiria na magunia kati ya ufuko na visiwa. Mashine ya petroli iliyoning'inia nyuma ilikuwa imechoka, na mara mbili ilikuwa imezima katikati ya ziwa ikiwa na watu. Pale ufukoni kila boti ina nafasi yake katika foleni ya kupakia abiria siku ya soko. Ikikosa masoko mawili mfululizo, inapelekwa mwisho, nyuma ya boti zote mpya. Na kufika kunahesabiwa pua inapogusa mchanga. Boti inayoelea karibu haijafika. Mama alikuwa wa pili katika foleni hiyo, nafasi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wale wa mwisho hukaa wiki nyingi bila safari. Soko la kwanza tulijua tutalikosa kwa sababu ya kazi ya injini. La pili hatukuwa na ruhusa ya kulikosa.

Injini tuliipata Oyugis kwa mwenye kinu aliyekuwa amehamia kwenye umeme. Ilikuwa ya silinda moja, tangi la maji likiwa wazi juu yake, ya kuwashwa kwa hendeli. Shafti, chuma cha kuzungusha propela, na bomba lake nilivichomeshea Homa Bay, nikakaa siku mbili kwenye benchi la fundi nikimsumbua kwa maswali hadi akanipa tupa nimsaidie ili ninyamaze. Huko Muhuru, seremala alitoboa nyuma ya boti, chini kabisa. Tulivuta uzi wa nyavu kupitia tundu hadi mahali pa injini ili shafti inyooke, tukaziba pembeni kwa kamba iliyolowekwa grisi.

Mama alitazama lile tundu, akanitazama mimi.

"Umetoboa boti yangu. Isipotembea, utanibeba wewe mpaka visiwani. Mgongoni."

"Mama, wewe ni mzito."

"Ndiyo maana nimekwambia mapema."

Siku tatu kabla ya soko la pili tuliijaribu. Dereva wake alikuwa mtu aliyeendesha petroli tangu ujana, na usukani wa mbao aliushika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Boti ilikwenda vizuri. Ilikwenda polepole, kwa kelele, lakini haikukohoa hata mara moja. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walisimama.

"Omera, unga wangu uko tayari?" mmoja akapiga kelele, akimwita dereva ndugu.

"Leta mahindi kwanza!" dereva akamjibu.

Tulirudi kwa mwendo, watu wakitazama. Mashine ya petroli huzimwa mwishoni kabisa, halafu dereva hunyoosha mkono nyuma, huiinua ili propela itoke majini, na boti hupanda mchanga yenyewe. Kila dereva pale hufanya hivyo bila kufikiri. Wetu alinifanyia ishara nizime, akanyoosha mkono nyuma, akashika hewa. Hapakuwa na kitu cha kuinua. Propela yetu ilikuwa chini ya boti, na ilikuta mawe kabla hatujakuta mchanga.

Hakuna aliyecheka. Bawa moja la propela lilikuwa limekunjwa, na maji yakaanza kuingia pembeni ya shafti. Dereva alikaa akiangalia kiganja chake.

"Mkono ulikwenda wenyewe," alisema.

"Wangu pia ungekwenda," mama akamwambia. "Shukeni, tuivute."

Bawa tulilinyoosha kwa nyundo na moto wa makaa. Seremala alipigilia ubao mnene chini ya propela ili ubao ndio uguse kwanza. Halafu mama akatoa amri: injini izimwe mbali, kwenye mafunjo, na kutoka pale tusukume kwa pondo.

Siku ya soko tulitoka alfajiri visiwani, tulikokuwa tumelala, boti imejaa wanawake na mizigo yao. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya ziwa kwenye tangi kwa kikombe kila lilipochemka. Kwenye mafunjo nilizima, dereva akashika pondo. Tukaenda taratibu mpaka tukasimama, lakini hatukuwa tumefika. Injini ilikuwa imeilemea boti nyuma, ule ubao ulikuwa umekaa kwenye tope, na pua ilielea hatua mbili kutoka mchangani. Mwenyekiti wa ufuko, msimamizi wa foleni, alisimama mbele yetu, mikono nyuma, akiangalia maji yaliyokuwa katikati.

Dereva alisukuma mpaka pondo likapinda.

"Nendeni mbele!" mama akasema. "Nyote. Na mizigo."

"Mbele wapi, mama? Tuingie majini?"

"Mbele! Wewe na gunia lako!"

Walisogea wakilalamika, wakikanyagana, mmoja akikaa juu ya gunia la mwenzake. Pua ikashuka. Nyuma nilihisi ubao ukiachia tope chini ya miguu yangu. Dereva alisukuma tena, mara moja tu, na boti ikateleza ikakwaruza.

Mwenyekiti aliinama, akapitisha kidole kati ya mbao na mchanga. Hakikupita.

"Imegusa," alisema, kisha akawageukia waliokuwa wakingoja na mizigo yao. "Boti ya pili bado ni hii. Wacheni hawa washuke kwanza."