Mgomba Niliokata kwa Babu

Kagera nzima hakuna anayerusha mkuki kama mimi. Bisheni!

Leo huku Kanazi Babu alinisimulia mchezo wao wa enzi za ujamaa. Wakitoka shamba la kijiji, marehemu mdogo wake alikuwa akiviringisha kipande cha mgomba chini, naye Babu akikirushia mti uliochongwa kama mkuki.

"Wewe huwezi," akanitania.

Mimi tena?

Nikaingia kibanjani, kwenye migomba ya Babu nyuma ya nyumba, na panga, nikakata mmoja. Dada akaviringisha kipande.

Nikakichoma katikati! Kelele zangu zilifika Muleba.

Babu hakucheka.

"Umekata upi?"

"Ule wa pembeni, penye mawe."

"Huo nilimpandia mdogo wangu tulipomzika."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Haya, nitukaneni. Kaburi nililiona. Nilitaka tu mgomba mnene.