Popo Watano wa Kauri

Mama yangu alipotoka Pemba kuja kutuangalia Guildford, hapa Sydney, nilijitayarisha kwa kila kitu isipokuwa popo. Nilikuwa na nia moja tu: asirudi. Baba alikwisha fariki, nyumba yetu ya Wete, kule Pemba, imebaki na mama peke yake, nami nilimtaka akae kwangu moja kwa moja. Kwa hiyo nikaipamba sebule, na kwenye duka la mitumba la mtaa wa St Marys nikapata vasi la maua, la kauri ya Kichina. Muuzaji aliniapia kuwa ni la kale. Sikumbishia, mimi mwenyewe si mpya.

Lilikuwa zuri, wallahi. Rangi zake zilikuwa za aina inayopakwa juu ya kauri iliyokwisha kuchomwa, kisha huchomwa tena, hata ukipitisha kidole unasikia michoro imeinuka. Lilichorwa mapichi yaliyoiva, mawingu, na katikati ya mawingu popo watano wekundu. Mimi niliwadhania vipepeo.

Mama hakudhania. "Mwanangu, umetoa pesa yako ukanunua popo?"

Kwetu Pemba, Popobawa si hadithi ya kutishia watoto. Ni shetani wa usiku mwenye mbawa, na ikivuma kuwa kafika, watu wazima na akili zao hutoa mikeka wakalala nje kwa makundi. Basi mama akafuata taratibu: akalifunika vasi kwa kanga, akahamia barazani na kiti chake. Julai ya Sydney, baridi inakata masikio, yeye kavaa sweta tatu na soksi za mkwewe, ananiambia hewa ya nje ni nzuri. Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Mtu ninayemtaka abaki nimemfukuza sebuleni kwa mapambo.

Jirani yetu, bibi wa Kichina, alipotuletea machungwa alistaajabu kuona vasi limevishwa. Akaitoa kanga, akafurahi. Kwao popo ni baraka, alisema kwa Kiingereza, na popo watano ni baraka tano. Mama akaja kusimama mlangoni, nami nikawa mkalimani.

"Wa kwanza ni umri mrefu, mama."

"Ninao."

"Wa pili mali."

"Huyo mpe mumeo, anamhitaji."

"Wa tatu afya."

"Magotini kwangu hajafika."

"Wa nne, kupenda wema."

"Huyo kaa naye wewe, usimwache mbali."

Jirani alicheka hata kabla sijamfasiria. Mama alikwisha ingia ndani, mkono wake uko juu ya kauri, nami nikaanza kuona mambo yananyooka.

"Wa tano," nikasema, "ni kufa kwa amani, mtu akiwa ametimiza umri wake."

Mama alimgusa popo yule kwa kidole. Safari hii hakutania. "Huyu ndiye ninayemtaka," alisema. "Lakini huyu hayuko huku, mwanangu. Yuko Wete, ubavuni mwa baba yako."

Jirani akauliza mama amesema nini. Nikamwambia amelipenda vasi.