Mwalimu Shija Hakuulizwa

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, Mwalimu Shija aliniaibisha mbele ya foleni nzima. Nilikuwa nimempa mchimbaji mmoja wa Nyarugusu dawa za kifua na kumwambia, "Moja mara tatu." Akaitikia, akageuka aondoke.

"Mrudishe," Mwalimu alisema. "Baba, hizi utazimezaje?"

"Zote tatu kwa mkupuo, asubuhi, kabla sijashuka duarani."

Duara ni shimo la dhahabu. Foleni ikacheka.

"Umesikia?" Mwalimu akanigeukia. "Ulichosema wewe hakina kazi. Kazi ni alichoondoka nacho yeye."

Alikuwa mkufunzi wetu wa famasia Shinyanga, na wakati wa mazoezi alitusimamia hospitalini. Alitukaririsha kila dawa kwa jina halisi na kwa majina ya kibiashara, yale ambayo kila kiwanda hubandika kivyake kwenye kasha. Anayejua jina moja tu, alisema, atammezesha mtu dawa ileile mara mbili. Lakini kila somo liliishia palepale: mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake, hata kwa Kisukuma.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alichoka naye. "Mwalimu, foleni imefika getini. Unatoa dawa au unasahihisha mitihani?"

"Nasahihisha, mkuu. Wakifeli hapa wanakuja kwako."

Nyumbani alikuwa vilevile. Jumapili tulimkuta amejifunga kanga ya mkewe, anamenya viazi vya kukausha michembe, na binti yake Limi hatoki kwenda dukani mpaka arudie alichotumwa. "Mwanaume huyu," Mama Limi alituambia, "hata nilipokubali posa yake aliniuliza, 'Umekubali nini? Hebu nieleze.'" Mwalimu alicheka kuliko sisi sote.

Alistaafu, akapata presha, macho yakaingia ukungu. Kisha akafa. Msibani wanafunzi wake walipokezana kipaza sauti, na mmoja akasema Mwalimu amechukuliwa na uzee. Nikauliza, uzee gani? Wazee wakanitazama kana kwamba nimetukana.

Mama Limi ndiye aliyenijibu, pembeni, jikoni. Mwalimu alikwenda naye kuchukua dawa za presha kwenye duka la Kulwa, aliyekuwa bora kuliko sisi sote darasani. Za zamani zilikuwa hazijaisha. Kulwa akampa dawa ileile, kasha la jina jingine.

"Alimpa shikamoo, akampa kiti, akampa soda," Mama Limi alisema. "Nikamwuliza, mbona humwelezi? Akasema, 'Mama, huyu ndiye aliyenifundisha. Nimweleze nini mimi?' Mwalimu akacheka. Alifurahi, mwanangu."

Akawa anameza za makasha yote mawili. Presha ikashuka mno, akaanguka bafuni, hakuamka.

Nimejaribu kumchukia Kulwa, lakini swali linanirudisha kwa Mwalimu. Kwa nini hakusema, "Niulize"? Maandishi ya kasha hakuyaona tena, na hakutaka mtu ajue. Miaka yote aliwahoji wachimbaji na wachunga ng'ombe. Zamu yake ilipofika, akapenda kiti na soda. Na sisi tuliompenda tuliita hiyo heshima. Hotuba za msibani ziliita uzee.

Sasa mimi ndiye mfamasia Nyarugusu, ambako makarasha ya kusaga mawe yanatulazimisha kupiga kelele dirishani. Limi ameolewa hapa, na wiki iliyopita mama yake alikuja kwangu na cheti cha presha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikampa dawa, nikamweleza. Akaziweka kwenye pochi, akabaki amesimama. Waliokuwa nyuma yake walijua ni mjane wa mwalimu wangu.

"Mama, samahani. Hizo utazimezaje?"

"Kimoja, asubuhi." Akafungua pochi, akaweka mezani kasha jingine lililoanza kutumika. Jina tofauti, dawa ileile. "Na hizi nizifanyeje?"

"Uziache. Usizimeze pamoja."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. Akanisukumia kasha lile. "Nilitaka nione kama na wewe utanipa soda."

Hakucheka.