Niliamriwa kung'oa injini ya maji ya kijiji ili "iende vitani", nilipoikuta ilipo nikafukuzwa uanagenzi

Wakuu, salaam kwenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Kabla hamjaanza kuniita "mkuu" na "kaka", mimi ni mwanamke, nina wajukuu, na simu hii ya kuandikia nimenunuliwa na mmoja wao. Nitakayosimulia niliyaona mwenyewe na mengine niliyashika kwa mikono hii. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Nimesoma uzi mmoja humu, kijana analalamika kwamba huko fildi, kwenye mafunzo ya kazi, bosi anamlazimisha kufanya mambo ya hovyo. Watu wakamjibu, "Vumilia dogo, usijiharibie." Nikashindwa kulala kwa hasira. Ndiyo maana naandika.

Kwetu ni Mabawe, Ngara. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa migomba na maharage, Wakatoliki wa kusali kila Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Nilipomaliza shule, padri wetu akatangaza kanisani kuwa serikali inataka vijana wa kujifunza ufundi wa mitambo ya maji, na safari hii wasichana pia. Enzi za Ujamaa hizo, kila kijiji kilikuwa kinaahidiwa maji.

Baba akasema, "Msichana na spana wapi na wapi?" Mama akamjibu, "Maji anayachota nani?" Mjadala ukaishia hapo.

Nikapelekwa Biharamulo, kwenye karakana moja ya serikali. Sitaitaja. Mpango ulikuwa hivi: unakuwa mwanagenzi, unafanya kazi chini ya fundi, mwishoni unapimwa, ukifaulu unapelekwa chuo kusomea ufundi sanifu. Tulikuwa wasichana wawili. Mwenzangu hakukaa, aliolewa.

Fundi wangu alikuwa Mzee Gaspari. Huyu mtu nilimpenda kama baba, na ninasema hivyo makusudi ili mnielewe huko mbele.

Miezi ya kwanza hakuniruhusu kugusa mtambo. Alinipa pande la chuma, akalibana kwenye jiliwa, akanipa tupa. "Lipige tupa mpaka liwe mraba." Nikapiga tupa mpaka viganja vikachubuka. Nikimpelekea, analitazama juani, anasema, "Bado." Nilimchukia. Halafu siku moja akalitazama, akalirudisha, akasema, "Haya, njoo ushike injini." Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Tuendelee.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa upande wa Nyamahanga, kwenye kijiji kimoja cha Ujamaa. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameolewa huko. Walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, wakapangwa kwenye mistari kandokando ya barabara, mbali na chemchemi waliyoizoea. Hasira ya kuhamishwa waliimeza kwa sababu waliahidiwa maji. Na maji kweli yakaja.

Ilikuwa injini ya dizeli ya silinda moja, ya kuzungusha kwa hendeli. Iliendesha pampu kule bondeni, maji yakapanda mpaka kwenye tangi, yakashuka kwenye mabomba. Guu moja la injini lilikuwa na ufa, na Mzee Gaspari akaniachia nilitie kiraka cha chuma. Nikatoboa tundu la bolti mahali pasipo pake. Ikabidi nitoboe lingine pembeni yake. Mzee akacheka sana. "Liache hivyohivyo, ni sahihi yako."

Siku maji yalipotoka, shangazi alinishika mkono akanizungusha kwa wanawake wenzake. "Huyu ni wetu! Huyu ni wetu!" Binti yake wa mwisho, Venansia, alikuwa anaingiza kichwa chini ya bomba, anakimbia, anarudi tena.

Kisha Amin akavamia.

Vijana mliozaliwa juzi hamuwezi kujua hali ilivyokuwa mkoani kwetu. Malori ya jeshi yalipita Biharamulo usiku na mchana kwenda Bukoba. Watu walikimbia kutoka mpakani na magodoro kichwani. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Waliotoa ng'ombe walitoa, waliotoa ndizi walitoa, wenye magari waliyatoa. Na hatukutoa kwa kusukumwa. Tulitoa kwa moyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mkuu wa karakana alikuwa mtu nitakayemwita Bwana Sospeter, si jina lake. Asubuhi moja akatukusanya, akasema jeshi linahitaji injini za dizeli huko mbele, na baadhi ya mitambo ya vijijini itachangwa. Akasoma majina ya vijiji. Cha shangazi kilikuwemo.

Nikapelekwa mimi na Mzee Gaspari na lori.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha watu, akawaeleza. Hakuna aliyepinga. Shangazi aliniuliza tu, "Serikali ndiyo imesema?"

Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi. Ni kwa ajili ya vita."

"Basi ichukueni. Watoto wa wenzetu wanakufa huko."

Nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Wanawake walewale walionizungusha kwa furaha wakasaidia kuisukuma injini juu ya mbao mpaka ndani ya lori. Waliimba, wakuu. Waliisindikiza injini yao kwa nyimbo.

Baada ya hapo wakarudi kuchota maji bondeni, kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe. Chemchemi ya zamani ilikuwa mbali na mvua zilikuwa zimeanza. Kuhara damu kukaingia kijijini.

Venansia akafa. Nilifika siku ya kumzika. Shangazi hakusema neno baya hata moja, alisema tu, "Na sisi tumetoa wetu vitani." Aliamini hivyo, na mimi niliamini hivyo.

Naomba mnivumilie hapa, huwa napumzika kidogo.

Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na mashine ya kusaga kwenye senta moja ya barabarani, mwendo wa nusu siku kutoka kijiji cha shangazi. Mzee Gaspari alikuwa anaitwa huko mara kwa mara kuitengeneza, na kila mara alikwenda peke yake. Niliona ajabu, kwa sababu kazi nyingine zote alinichukua. Nikadhani ni kazi zake za pembeni.

Siku moja mgongo ukambana, hawezi kuinua kitu. Akanichukua.

Nikaingia kwenye kibanda cha mashine, nikainama nianze kufungua mkanda. Nikaona guu la injini. Kiraka. Bolti. Na pembeni ya bolti, tundu langu la makosa.

Walikuwa wameipaka rangi mpya, ya kijani. Tundu hawakuliziba.

Nikasema, "Mzee, hii ni injini ya Nyamahanga."

Akasema, "Shika spana."

"Mzee, hii ni—"

"Nimesema shika spana! Fanya kazi, acha kutazamatazama."

Hapo nikaelewa kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Mashine ile, watu wa senta walijua, iliandikishwa kwa jina la shemeji yake Bwana Sospeter, maana Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na biashara. Vita vilikuwa vimempa nafasi. Nani angeuliza injini imekwenda wapi wakati wa vita?

Kama iliwahi kuwepo injini hata moja iliyofika mstari wa mbele, mimi sijui. Hii haikufika. Ilikuwa inasaga mahindi.

Tuliporudi nikamwambia Mzee Gaspari twende pamoja tukaseme. Alikaa juu ya ndoo, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu mno. Akasema, "Umebakiza muda mdogo upimwe. Wewe ni mwanagenzi bora niliyewahi kuwa naye. Nyamaza, uende chuo, ukawe mtu."

"Na Venansia?"

Akainuka, akaenda kupanga spana zake.

Wakuu, mwizi nilimkasirikia, ndiyo. Lakini mwizi hakunifundisha chochote. Huyu alinifundisha kwamba chuma kikikosa mraba hata kwa upana wa unywele, ni kosa. Alinirudisha mara ngapi kwa ajili ya unywele!

Kesho yake nikaingia kwa Bwana Sospeter peke yangu. Nikamweleza nilichokiona. Hakushtuka. Alitabasamu.

"Binti, unajua mtu anayeeneza uvumi wakati taifa liko vitani anaitwaje?"

"Naitambua kazi yangu, bwana."

"Anaitwa adui. Na mimi sina nafasi ya adui kwenye karakana yangu. Kusanya vyako."

Nikakusanya. Nilipita uani mafundi wote wakitazama chini, Mzee Gaspari akiwemo. Hakuna aliyeniambia hata pole.

Sikwenda Mabawe. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi.

Nilimkuta anapalilia. Nikamweleza yote, hata lile tundu. Alimalizia kupalilia mstari wake mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kihangaza, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "hilo tundu utaweza kuwaonyesha watu?"

"Nitaweza."

"Basi twende."

Mwenyekiti wa kijiji alipoambiwa aliinuka akafunga mlango. Akasema tusubiri, afuate utaratibu, aandike kwa katibu kata. Shangazi akamwambia, "Wewe andika. Sisi tunatangulia."

Tulitoka alfajiri, wanawake watupu, wengine na watoto mgongoni. Ilikuwa siku ya gulio, senta imejaa, na foleni ya kusaga ilikuwa ndefu. Niliingia kwenye kibanda, nikafunga mafuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Shemeji mtu akaja anapiga kelele. Shangazi akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu la injini, miguu kaiweka mbele kama mtu aliye nyumbani kwake. Wenzake wakakaa kumzunguka.

Akawaambia waliokuwa kwenye foleni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu zangu, hii mnayosagia ni injini yetu ya maji. Tuliambiwa inakwenda Kyaka kumpiga Amin. Tuliipakia wenyewe. Mwanangu amekunywa maji ya ng'ombe akafa. Msichana, waonyeshe."

Nikawaonyesha. Nikaikwangua ile rangi ya kijani kwa kisu, ya zamani ikatokea chini yake. Watu walipokezana kuinama na kutazama.

Wakaja mgambo, wameitwa na shemeji mtu watutoe. Kiongozi wao alikuwa mtu mrefu, mweusi, ambaye kaka yake alikuwa mstari wa mbele, jambo hilo senta nzima ililijua. Alisikiliza. Akamgeukia mwenye mashine.

"Hii injini ilikwenda vitani, au haikwenda?"

"Afande, haya ni mambo ya ofisi—"

"Nakuuliza tena. Ilikwenda, au haikwenda?"

Yule bwana akaanza kurudi nyuma. Na zile kelele zilizotoka kwenye gulio, sijapata kuzisikia tena. Kama si mgambo, angeuawa pale.

Jioni wakubwa wakaja kutoka wilayani na gari. Kwa umati ule hapakuwa na namna ya kuzungukazunguka. Injini ikapakiwa, ikarudishwa kijijini.

Niliifunga mwenyewe, kwenye bolti zilezile zilizobaki kwenye zege. Maji yakapanda. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi hakupiga. Alipanga foleni na ndoo yake kama wengine, akajaza, akaenda zake nyumbani.

Mtauliza Bwana Sospeter alifungwa miaka mingapi. Hakufungwa. ALIHAMISHWA. Baadaye nikasikia huko alikohamia alipandishwa cheo.

Na mimi? Niliomba kurudi uanagenzi. Nikajibiwa kwamba nilionyesha utovu wa nidhamu. Basi chuo ndiyo sikukiona. Vita vilipokwisha, karakana ileile ikatoa mafundi sanifu, vijana nilioanza nao, wengine nikiwa nimewafundisha mimi kushika tupa. Nilibaki Nyamahanga nikaendesha injini ile mpaka vipuri vilipokosekana kabisa, kisha nikaishi kwa kutengeneza baiskeli na cherehani. Sikufa njaa. Lakini msiniambie eti Mungu alipanga. Mungu hakupanga, alipanga Sospeter, na wengine wakatazama chini.

Mzee Gaspari alikuja mara moja, vita vimeshakwisha, na baiskeli yake. Alikuta napaka grisi kwenye pampu. Akaomba maji. Nikamjazia kikombe, akanywa akiwa amesimama.

Akasema, "Ningesema, ningefukuzwa."

Nikamwambia, "Mimi nilifukuzwa, mzee, na bado ninakula."

Akaendelea kusimama. Nadhani alikuwa anangoja shikamoo, maana nilikuwa sijamwamkia. Kwetu kumnyima mtu mzima shikamoo ni jambo zito, mnajua. Sikumpa. Akapanda baiskeli yake akaondoka, na hatukuonana tena mpaka alipofariki. Wapo watakaonilaumu kwa hilo. Nilaumuni.

Kijana wa fildi, kama unasoma: sikudanganyi kwamba ukisema ukweli utalipwa. Mimi sikulipwa. Ila jua kwamba kwenye uanagenzi unafundishwa mambo mawili kwa pamoja, kazi na kunyamaza, na anayekufundisha ni mtu mmoja huyohuyo unayempenda. Chukua kazi. Hilo la pili mwachie mwenyewe.

Na ninyi mliomwambia avumilie, nawangoja hapahapa. Njooni mniambie, ningevumilia mpaka afe mtoto wa ngapi?