Dkt. Tusekile Ametangulia, Majibu ya Isongole Yalikuwa Bado

Jamani, akili yangu imekataa. Tangu jana nakaa nasimama, nasimama nakaa. Chai nimechemsha nikaisahau jikoni.

Dkt. Tusekile hatunaye. Dokta wetu wa mapafu, rafiki yangu tangu bwenini, mimi kitanda cha chini yeye cha juu. Moyo, wamesema hospitali. Moyo! Mtu aliyehangaika na vifua vya watu maisha yake yote.

Nimeandika post hii nikafuta, nimeandika nikafuta. Angekuwepo angeninyang'anya simu aibonyeze mwenyewe. Hakuwa na subira hata chembe.

Wengi mnamjua kama yule mtafiti wa Mpuguso aliyesoma nje akarudi na mashine za kupima pumzi. Kule walimtaka abaki, wana maabara yenye heater. Alisema kama ni baridi, basi anataka ya Tukuyu, yenye ndizi.

Swali lake lilikuwa moja tu. Kwa nini mama wa huku milimani, hajawahi kushika sigara, ana kifua cha mvuta sigara? Aliliuliza kwenye meeting, kanisani, hata juu ya bodaboda, dereva hamsikii kwa upepo.

Msumbufu huyo! Harusini watu wanacheza, yeye shingo kaigeuza anasikiliza bibi wa watu anavyokohoa meza ya nyuma. Keki haijakatwa, bibi keshapangiwa siku ya kupimwa.

Sasa niwaambie ya kijijini Isongole, maana ndiyo inayonitoa pumzi tangu jana.

Fieldwork ya kwanza, mimi nikiwa nesi wake, tulifunga mashine sebuleni kwa Mzee Ambakisye, mkulima wa viazi. Watu walikuja vizuri tu, wazee, mabibi, vijana. Jioni tunaangalia data, wake wa vijana hawamo. Hata mmoja. Na wao ndio wanaoshinda kwenye moshi wa kuni.

Mimi nikasema labda walikuwa shambani. Tusekile akajipiga kofi la paji la uso. Huku kwetu mke wa kijana haingii alipo baba mkwe wake. Haongei naye, hata njiani anampisha kwa mbali. Sisi Wanyakyusa wa kuzaliwa, tumelelewa na mwiko huo, na mashine tumeiweka mbele ya kiti cha baba mkwe. Mgeni angesamehewa. Sisi je? Alicheka mpaka akakaa chini, kisha hapo hapo akakasirika.

Kesho yake akaibeba mashine mpaka jikoni. Kachuchumaa kwenye moshi, machozi yanamtoka, anapiga kelele, "Puliza, puliza, puliza, usiache!" Dereva wetu alidhani kuna ugomvi.

Humo ndimo tulimokutana na Mama Lusajo, mkwe wa mzee yule yule. Alipuliza kidogo akashika ukuta. Watu walishamwambia kwamba pampu ya pumu ni ya mtu wa kufa, ukiianza huiachi. Basi kifua kikibana alikuwa anajificha nyuma ya jiko mpaka kipite. Tusekile alimwahidi kwamba majibu atamletea mwenyewe, humo humo jikoni.

Alichukia sana watafiti wanaopima watu, halafu majibu yanasomwa hotelini kwenye conference. Mtu kakupa pumzi yake, alikuwa akisema, mrudishie neno.

Alipangiwa kwenda wiki hii.

Jana jioni nikampigia Mama Lusajo kumwambia msiba. Alikuwa anahema hata kwenye simu. Akanijibu taratibu, "Dada, kama dokta wa mapafu mwenyewe amekufa, mimi hiyo pampu ya nini?"

Asubuhi nikachukua majibu yake na dawa ambazo Tuse alishamwandikia, nikaondoka msibani. Mashangazi wakaniuliza naenda wapi na marehemu hajazikwa. Nikawaambia ndiye aliyenituma.

Isongole mvua, boda inateleza, nimefika nimelowa. Nikamweleza Mama Lusajo yote. Ni pumu, inatulizwa, dawa ni hii. Dokta kaondoka kwa moyo, si kifua. Aliangalia moto tu. Nikamwekea pampu mkononi, akairudisha. Kifua chake kinapiga filimbi naisikia. Hapo ndipo nilipokukasirikia, Tuse. Kwa nini uondoke kabla ya hili?

Mara nje ya ukuta mtu akakohoa. Mzee Ambakisye. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi, kwenye mvua ile. Hakuingia, na alisema na mimi, si na mkwewe.

"Nesi, mwambie Mama Lusajo avute dawa. Nimezika mke kwa kifua. Sitaki kumzika na yeye."

Mama Lusajo akajitanda kitenge vizuri kana kwamba mzee anamwona. Akachukua pampu. Nikamwelekeza, akavuta, akabana pumzi, akaachia. Tukasubiri. Akavuta tena. Mabega yakaanza kushuka.

Mzee akauliza, "Amevuta?"

Mimi nilikuwa nafuta macho. Mama Lusajo ameolewa pale miaka na miaka, hajawahi kumtamkia mzee yule neno. Akageukia ukutani.

"Nimevuta, baba."

Tuse, kesho tunakuzika Mpuguso na mimi nitakuja nanuka moshi wa Isongole. Jikoni za kupelekea majibu bado ni nyingi, na naanza nazo tukitoka makaburini, maana kukaa siwezi.

Ndaga fijo, rafiki yangu. Asante sana. Lala, Tuse, lala usingizi mzito. Mama Lusajo naye leo atalala.