Moto wa Manjano Bafuni

Mama hakuruhusu jiko la makaa livuke mlango wa chumba cha kulala, hata baridi ya Julai iume namna gani. Alijua habari za watu waliolala nalo wasiamke. Lakini hita ya gesi iliyotundikwa bafuni, katika nyumba tuliyopanga mtaani Mountain View, hakuiogopa. Haikuwa na makaa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nabishana na kila kitu. Maji yalipoanza kutoka vuguvugu, tuliita fundi kutoka Kangemi. Alifungua bomba la hita, akakung'uta vipande vyeupe kiganjani.

"Chokaa. Maji ya kisima ndiyo hivi."

"Na mbona moto ni wa manjano? Wa jikoni ni wa buluu."

"Msomi, unataka kuoga ama unataka kufanya mtihani?"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Huyo hata chai huiuliza imetoka wapi."

Bomba likasafishwa, fundi akaenda. Moto ukabaki wa manjano. Kesho yake Mama alitoka kuoga ameshika kichwa, akasema ni baridi. Mimi nilipanda juu ya ndoo, nikapitisha kidole juu ya hita. Kilirudi cheusi. Masizi, kama ya chini ya sufuria. Moto hutoa masizi ukikosa hewa, na sumu kama ya jiko la makaa.

Jioni nilikuwa bado namweleza Mama hayo jikoni niliposikia maji bafuni. Dada yangu mdogo alikuwa ameingia kuoga. Yeye huimba humo, nyimbo zote za kwaya. Sasa yalisikika maji tu.

Niligonga. Nikaita. Mama akaja akigonga kwa viganja viwili: "Fungua, mama! Fungua!"

Nilipiga mlango kwa bega mara tatu, komeo likang'oka. Alikuwa ameketi sakafuni, macho nusu wazi, midomo ikichezacheza bila sauti. Tulimburuta hadi nje kwenye nyasi, Mama akamfunika leso aliyojifunga kiunoni, akiomba kwa Kikuyu. Akakohoa. Akatapika. Kisha akalia kwamba majirani wanamwona.

Nilivuta pumzi, nikarudi kuzima gesi. Juu ya dirisha, matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa magazeti, kurasa za nafasi za kazi zenye miduara ya kalamu yangu. Niliyasokomeza mwenyewe, wiki mbili nyuma, kuzuia baridi.

"Umeona ni nini?" Mama aliita.

Nilianza kuyachomoa.