Kitfo ya Watu Wawili

Msinione nina ulimi mkali. Kaa wewe kwenye chumba chetu cha simu za dharura hapa Addis, viti sita, watu wawili, hata kwenda chooni unaomba ruhusa, uone kama hutabwata. Jirani yangu wa kiti ni Asnakech, mama mpole, na upole wake ndio unaomponza.

Kila siku watoto wakitoka shule, namba ileile hupiga. Kitoto cha kike: "Halo! Nataka nyama ya kitfo ya watu wawili, pilipili msisahau!" Kinacheka, kinakata. Na kwenye foleni kuna mtu anavuja damu! Mimi nilikuwa nakitukana kabisa. Wubshet, msimamizi wetu tunayemwita Gashe kwa heshima, akatoa amri: namba hiyo ikiita, kata. Atakayepeleka gari la wagonjwa kwa uongo, kazi hana.

Jumanne ikaita. Asnakech akapokea.

"Bibi kaanguka," kitoto kikasema. "Namwita, haitiki."

"Kata!" Gashe Wubshet akafoka. "Si ndicho kile cha kitfo?"

"Leo hakicheki, Gashe."

"Kimejifunza kuigiza! Gari limebaki moja, Asnakech."

Mume wa Asnakech hana kazi. Nyumba nzima inamtegemea yeye.

"Mwanangu, msogezee bibi simu mdomoni." Akasikiliza, kafumba macho. "Anakoroma vibaya. Mnakaa wapi?"

"Nyuma ya kinu cha kusaga teff. Geti la bati la kijani."

"Kinu kipi, mwanangu? Vinu viko kila mahali!"

"Cha yule mzee hana meno."

"Hicho kiko mtaa wa Gulele!" nikaropoka. "Nasaga hapo mimi!"

Asnakech akalituma gari bila kumtazama Gashe. Simu nyingine zilikuwa zinalia, ikabidi akiache kitoto.

"Kafungue geti, usimame nje."

"Usikate, mama!" kikalia.

Akakata. Akadaka simu iliyofuata, kahawa ikamwagika.

Baadaye dereva alisema redioni: tumemchukua, tunakwenda hospitali. Basi. Gari likishampakia mgonjwa, sisi hatuambiwi kitu tena. Kapona, kafa, utajiju.

Asnakech akaacha kula. Watoto wakitoka shule, anaikodolea macho simu.

"Hakijapiga," ananiambia.

"Afadhali tupumue!" nilimjibu. Uongo mtupu, nami nilikuwa nangoja roho juu. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Kimya. Sikuwahi kufikiri nitaomba Mungu nisumbuliwe na kitoto.

Alhamisi ikaita namba ile. Gashe Wubshet akainua kichwa, kisha akakiinamisha tena. Asnakech akaidaka.

"Halo! Nataka kitfo ya watu wawili!"

Nyuma yake sauti ya kizee, imekwaruza, ikapasuka: "Weka hiyo simu chini, mtoto mshenzi wewe!"

Asnakech machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Pilipili nyingi," akauliza, "au kidogo?"